Buti za Kukunja

Mtoto wa mdogo wangu alirudi juma lililopita kutoka shuleni na ombi. Anataka buti za mpira. Mvua ya Bukavu haihitaji kuelezwa, na njia yetu ya kushuka kutoka Kadutu ikilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo ombi lake halikuwa la ajabu. Nilimwambia tutaona. Kesho yake nilipita sokoni, pale wanapozitundika mbili mbili kwenye kamba. Jua lilikuwa limezipiga tangu asubuhi. Harufu ile ya mpira wenye joto iliponiingia puani, nilishika meza ya muuza ndala ili nisianguke.

"Maman, uko mugonjwa?" aliniuliza.

Nikamwambia ni jua.

Sisi wa rika langu, tuliokulia katika mji huu, tulijifunza kutambua watu kwa miguu. Siku waasi walipoingia katika vita ya kwanza tulikuwa tumelala kifudifudi sakafuni, na nafasi ya chini ya mlango ilitosha kuona kipande kidogo tu cha barabara. Hatukuona bunduki wala sura. Tuliona buti za mpira, nyeusi, zikipita kandokando ya barabara mistari miwili, bila kelele, saa nzima. Nilihesabu mpaka nikachoka. Mimi, niliyekuwa nafahamu viatu vya askari wa serikali vinavyopiga kelele barabarani, nilifikiri wale si askari. Nilifikiri ni wakulima wengi sana wanaokwenda shamba moja.

Juma lile Baba alikufa. Alikuwa monita wa kilimo, mtu wa kutembea mabondeni akiwaonyesha wakulima jinsi ya kupanda kwa mistari, na alikuwa na buti zake mwenyewe za mpira, kubwa, zilizokaa nyuma ya mlango. Siku aliyotoka kutafuta unga hakukuwa na matope, akavaa sandali. Hakurudi. Mama alimfuata kabla ya mwaka kwisha, kwa homa ambayo wakati wa amani isingeua hata kuku. Tukabaki watatu: mimi, Murhula aliyenifuata kwa miaka miwili, na Nsimire ambaye alikuwa bado anang'oa meno ya utoto. Mimi nilikuwa yaya, kama kwetu tunavyomwita mkubwa wa watoto. Nilikuwa nimefika mwaka wa tatu wa sekondari. Nyumba ilikuwa na nafasi ya mwanafunzi mkubwa mmoja tu, na Murhula alikuwa na kichwa cha hesabu. Nikaweka daftari zangu juu ya kabati, nikachukua beseni la Mama, nikaanza kuuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, wanaoletwa na mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi. Sikuombwa na mtu. Nasema hivi si kwa kujisifu. Ni ili mjue kwamba yaliyofuata pia sikuombwa na mtu.

Shule zilipofunguliwa tena, viatu vya Murhula vilipasuka siku ya tatu. Nyumbani hakukuwa na kingine cha kuvaa isipokuwa buti za Baba. Alikwenda nazo, suruali ya buluu na shati jeupe na buti za mtu mzima zinazompiga magotini. Alirudi, akatupa mfuko kitandani.

"Siendi tena."

"Juu ya nini?"

"Bananiita Monita. Banasema nimekuya kupanda maharagwe mu klasi."

Nilimpiga kofi. Kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko, kwa sababu Monita lilikuwa jina la heshima la baba yetu, na sasa watoto wa watu walikuwa wanalitafuna kama muwa na kulitema.

Katika juma hilo hilo Tonton Bisimwa, mjomba wetu, alirudi mjini.

Alikuwa kitinda mimba kwao Mama. Kabla ya vita alitengeneza redio karibu na soko, lakini hakujulikana kwa redio; alijulikana kwa viatu. Alitembea na kitambaa mfukoni ambacho hakikugusa kitu kingine ila viatu vyake. Mvua ikinyesha alivivua, akavifunga katika plastiki, akashuka mlima peku kwenye matope, akifika chini kwenye lami akanawa miguu na kuvivaa tena mbele ya watu wote. Mwaka mmoja alitoa kamba katika viatu vyake, akaacha ulimi wa kiatu ulale mbele. Baada ya juma moja vijana wote wa shule yetu walikuwa wanaburuta viatu visivyo na kamba, na akina mama wanaokota kamba kwenye takataka. Mama alikuwa akisema, "Huyu mudogo yangu akivaa chungu mu muguu, kesho masufuria ya mutaa muzima itapotea." Alisema hivyo akimkunjia uso, lakini kila alipopita alimtazama miguuni kwanza.

Waasi walipoendelea kuelekea magharibi, Tonton alikwenda nao. Sasa amerudi kwa likizo, mwembamba, na Lingala mdomoni, na buti za mpira miguuni. Lakini hakuzivaa kama wale niliowaona chini ya mlango. Sehemu ya juu alikuwa ameikunja kwa nje mara mbili, kitambaa cheupe cha ndani kikaonekana kama mkanda, na suruali ameichomeka ndani. Hakuzivua hata alipokaa kula bugali kwetu. Nsimire alimwonyesha pa kuziweka karibu na mlango, naye Tonton akasema, "Asante, mama, niko muzuri." Sisi tukaona ni maringo, na tukayapenda, kwa sababu katika nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine wa kuringa.

Nikamfuata nje.

"Tonton, kesho umupeleke Murhula ku masomo."

"Miye? Niko mama yake?"

"Upite naye tu ku mulango ya shule. Na izo bote."

Alinitazama, akatazama buti za Baba zilizokuwa zimesimama ukutani, akaelewa bila kuelezwa zaidi. Akacheka. Akamwita Murhula, akamkalisha juu ya ndoo. Alichana kitambaa kikuukuu akakijaza kwenye ncha za buti ili mguu usiogelee. Kisha akazikunja sehemu za juu, mara moja, mara mbili, akivuta mpira kwa vidole vyote mpaka ukakaza.

"Ona. Ya mulimaji inasimamaka. Ya mwanaume inakunjwaka."

Asubuhi nilibeba beseni langu kichwani na kuwafuata kwa mbali. Ningeweza kwenda sokoni moja kwa moja, lakini nilitaka kuona. Wavulana wakubwa walikuwa wamesimama mlangoni pa shule kama kawaida yao. Walipomwona Murhula mmoja akaanza kufungua mdomo, halafu akaona aliyekuwa nyuma yake, akaufunga. Tonton aliweka mguu mmoja juu ya jiwe, akatoa kitambaa mfukoni, kile kile cha zamani, akapangusa buti ya mpira polepole kama mtu anayepangusa kiatu cha ngozi. Kisha akamwambia yule mkubwa wao:

"Iyo kiatu yako inaweza kufika Kinshasa ku miguu?"

"Hapana, Afande."

"Iyi ilifika."

Akamgusa Murhula begani, akaondoka. Ilikuwa hivyo tu.

Majuma mawili baadaye huwezi kuamini shule ile ilivyokuwa. Buti kila mahali. Hata watoto wa Ibanda, wanaotoka kwenye nyumba za kando ya ziwa na viatu vya ngozi vya kila rangi, walilia nyumbani mpaka wakanunuliwa buti za mpira. Kulikuwa na wa kukunja mara moja, wa kukunja mara mbili, na wale wa mwaka wa sita waliokunja mara tatu. Wasichana walisikia wavulana wanakuja kabla ya kuwaona, kwa ule mlio wa mpira unaopiga mguu. Na mwalimu wa kukunja alikuwa ndugu yangu. Watoto wa watu walikuja mpaka uani kwetu, wakakaa juu ya ndoo ile ile, akawavutia mpira kwa vidole vyote. Jina Monita likaendelea, ila sasa walilitamka kama cheo. Nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu Mama. Nilitembeza sambaza zangu nikiwa na siri kifuani: mode ile yote, mtindo ule wa kukunja, ilianzia mdomoni mwangu.

Siku ya mwisho ya likizo, mchana, Tonton aliniomba maji ya moto na chumvi. Alisubiri Murhula na Nsimire waende kuchota maji, ndipo akavua buti. Sitasema miguu yake ilikuwaje. Lakini nilichotazama zaidi kilikuwa katikati ya goti na kifundo, pale mpira uliokunjwa unapokaa: alama nyeusi iliyozunguka mguu mzima, ngozi imekuwa ngumu na inang'aa, bila unywele hata mmoja, kama alama ya kamba kwenye shingo ya mbuzi.

"Inauma, Tonton?"

"Ilikuwa inauma." Alitia miguu kwenye maji akafumba macho. "Iyi njo carte yangu ya uaskari. Ile ya karatasi inapoteaka. Iyi haitapotea."

Alisema kwa kucheka, nami nikacheka. Msichana wa miaka kumi na tano, niliyefiwa na wazazi wote wawili, na bado nilikuwa mjinga kiasi hicho: niliona ni pambo. Sikujiuliza kwa nini aliwasubiri watoto watoke. Sikuelewa kwamba alikunja buti zile kwa sababu zilikuwa kubwa mno kwake, za mtu mwingine, na zikibaki zimesimama zilimchuna nyuma ya magoti. Alivyoniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, huko njiani hakuna aliyekunja kwa kupendeza.

Murhula alipata alama yake kabla ya mwaka kwisha. Nililiona jambo ambalo wengine hawakuliona, maana mimi ndiye niliyefua nguo zake. Wenzake walivaa buti kwa mode. Jumapili walivaa viatu, kwenye mpira wa miguu walivaa raba, wakichoka walivaa vingine. Ndugu yangu alivaa buti Jumatatu na Jumapili, shuleni na kanisani na kisimani, miaka miwili, kwa sababu hakuwa na kingine. Mode ya Tonton iliufunika umaskini wetu vizuri hata sisi wenyewe tukausahau. Jioni nilimpaka mafuta ya mawese kwenye alama ile. Zamani Mama alikuwa akitukalisha hivyo hivyo uani, mmoja mmoja, na sindano mkononi, akitutoa funza vidoleni. Nami nilijiona nafanya kazi ya Mama.

"Iko inafanana na ya Tonton?" aliniuliza.

"Inafanana."

Akafurahi.

Vita ya pili ilipokuja, waliokuwa wameingia pamoja walikuwa wameshageukana. Tonton alipotea, wengine walisema yuko Kinshasa, wengine walisema yuko porini. Waliotawala mji sasa walikuwa wanawawinda watu wa porini, na watu wa porini pia walivaa buti za mpira. Asubuhi moja prefe, mkuu wa shule, alisoma tangazo mbele ya bendera: hakuna mwanafunzi atakayeingia na buti. Hakueleza sababu. Mode ile ilikufa kwa siku moja; watoto wa Ibanda walirudia ngozi zao kama vile hawakuwahi kuziacha.

Mimi nilifungua sanduku la Mama, nikatoa kitenge chake cha mwisho, kile cha harusi, nikabadilishana na mwanamke wa mitumba kwa jozi ya viatu vya kahawia vyenye kamba. Vilimbana kidogo. Murhula alivivaa akatembea ukumbini, akisikiliza visigino vyake. Buti za Baba nikazirudisha nyuma ya mlango.

"Sasa uko sawa," nilimwambia.

Niliamini. Nilifikiri hatari ni kitu kinachovuliwa.

Hazikupita siku kumi. Ilikuwa saa saba mchana, masomo yameisha, mimi nipo sokoni. Cubaka, rafiki yake wa klasi, alikuja akikimbia, shati limetoka nje.

"Yaya! Bamemushika Murhula ku barière ya baaskari!"

"Bamemushika juu ya nini?"

"Tulikuwa batano. Bakasema tupandishe pantalon. Bakaangalia miguu." Alijifuta jasho kwa shati lile. "Sisi bane bakatuambia tupite."

Nilitazama miguu ya Cubaka. Ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Naye siku za mode alikuwa amekunja mara tatu, akiwaiga wa mwaka wa sita.

Niliacha beseni pale pale, nikapanda nyumbani mbio, na njiani nikatunga hoja yangu. Ilikuwa hoja nzuri. Hata leo siwezi kuona kosa ndani yake. Wanafikiri alama ile ni ya porini. Basi nitawaonyesha buti zenyewe zilizoifanya, za marehemu baba yetu, monita, na kila mtu atajua ni alama ya shule. Nikazichukua nyuma ya mlango, nikazikumbatia, nikashuka.

Kamanda wa barière alikuwa amekaa kwenye benchi uani pa kituo chao, anakula karanga. Hakuwa mkali. Kama angekuwa mkali labda ningeogopa na kunyamaza. Kupitia mlango uliokuwa wazi nyuma yake nilimwona Murhula amekaa sakafuni, miguu peku, suruali imepandishwa. Alinitazama, na uso wake ukapata nafuu. Yaya amefika.

"Unataka nini, mama?"

"Ni mudogo yangu, Afande. Ni mwanafunzi. Ile alama ni ya izi bote, za baba. Alikuwa anaenda nazo ku masomo."

Alizipokea. Aliingiza mkono katika moja, akatoa kile kitambaa kilichojazwa kwenye ncha, akakitazama, akakitupa. Kisha akashika sehemu ya juu kwa vidole viwili tu, na mpira ulikuwa umezoea, ukajikunja wenyewe. Mara moja. Mara mbili. Akaacha kutafuna.

"Nani alimufundisha kukunja hivi?"

Ningeweza kusema: ni mode, wote walikunja. Ungekuwa ukweli. Ningeweza kusema sijui. Lakini palikuwa na maneno ambayo niliwahi kuyaona yakifunga midomo ya watu mlangoni pa shule, na katika hofu yangu hayo ndiyo yaliyokuja, nami nikayasema kwa kichwa juu:

"Ni tonton yetu. Alikuwa askari. Alifika na yake mpaka Kinshasa ku miguu."

"Ah." Alifuta mikono yake taratibu. "Na sasa huyo tonton iko wapi?"

"Sijue."

"Hujue."

Hakuniuliza kingine. Alimwita askari mmoja, akampa buti, akamwonyesha ndani kwa kidevu. Askari akaingia, akatoka na vile viatu vya kahawia, akaniwekea mikononi.

"Rudi navyo nyumbani, mama," alisema kamanda. "Kule anaenda ni mbali. Hivi havitafika."

Nilipiga magoti, nililia, nilitaja majina ya mapadri na ya walimu. Nilivutwa mpaka barabarani. Kabla ya kuvutwa nilimwona Murhula akivaa buti za Baba. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe bila kumwuliza: akazikunja.

Walimpandisha kwenye lori pamoja na wengine. Watu walisema walipelekwa kubeba mizigo upande wa Mwenga. Nilikwenda Kamituga, huko huko Mwenga, mara mbili, katika miaka ambayo wanaume wenyewe waliogopa njia ile, nikakaa penye machimbo ya dhahabu kutwa nzima nikitazama miguu ya wachimbaji inayotoka shimoni. Miguu mingi sana ina alama ile. Sikujua kwamba ni mingi hivyo.

Tonton Bisimwa alirudi baada ya miaka, ndala miguuni, na mvi. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, akatazama huku na huku.

"Murhula iko wapi?"

"Alienda na mabote," nikamjibu.

Nilimpikia, kwa kuwa ni mjomba. Hapo ndipo aliponieleza yale ya kukunja, bila kuulizwa, akitazama bugali. Siku hizi anatengeneza simu huko Panzi, na tukikutana ninamsalimu. Sijamsamehe. Ninajua vizuri nani alimwomba apite mlangoni pa shule, na hilo halijanisaidia kumsamehe; limenizuia tu kumwambia.

Nsimire alisoma mpaka mwisho, nilihakikisha. Huyu anayetaka buti ni wake, ana miaka kumi na mbili, na mama yake akiwa kazini hukaa kwangu. Jana nilirudi sokoni nikamnunulia, kwa sababu mvua ni mvua na siwezi kumwadhibu mtoto kwa mambo asiyoyajua. Nilipima nyumbani, zikamwenea sawasawa. Nikamwambia sitaki kuona zimekunjwa.

"Lakini, maman mukubwa, batu bote banakunja! Njo mode."

"Wewe hutakunja."

Akanuna. Leo amerudi, nimemkalisha juu ya ndoo uani, nimemvua buti na soksi, nimeuleta mguu wake kwenye mwanga na kupitisha kidole gumba pale katikati ya goti na kifundo, polepole, kuzunguka. Ngozi ni laini. Nitafanya hivyo kila jioni. Yeye anafikiri ninatafuta funza, na anacheka kwa kutekenywa.

"Funza haiko, maman mukubwa!"

"Najua," ninamwambia. "Leta ule mwingine."